Barua ya Paroko Haiongezi Pointi



Matokeo ya Mtihani wa Serikali, ule tunaouita kwa kifupi Egzeta, yakiisha kutoka, nyumba zetu hupitia majira mawili. Majira ya kwanza ni ya poda nyeupe kichwani, nyimbo barabarani, na kuku kuchinjwa kwa yule aliye na kuku. Majira ya pili ni ya makaratasi. Anayetaka kuomba nafasi katika fakulte ya uganga hukusanya hati ya kufaulu, buleteni za miaka ya mwisho ya sekondari, hati ya kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha kuthibitisha kwamba mwili wake ni mzima, picha ndogo za uso, na stakabadhi ya malipo ya kujiandikisha. Vyote hivyo hutiwa ndani ya bahasha moja, na bahasha hiyo ndiyo dosie. Hatuna neno juu ya dosie, isipokuwa kwamba fotokopi ni ghali na foleni ni ndefu.

Neno letu ni juu ya karatasi nyingine. Haimo katika tangazo lolote lililobandikwa kwenye ukuta wa chuo, wala hakuna afisa wa kuandikisha anayeidai mbele ya watu. Hata hivyo ndiyo inayotafutwa kwa bidii kuliko zote. Ni barua ya kumwombea mtoto nafasi. Kwa ajili yake akina mama huja ofisini kwa paroko wakiwa wamevaa vitenge vya Dominika siku ya Jumanne. Baba ambaye hajaonekana kanisani tangu ubatizo wa mtoto huyohuyo hukumbuka ghafla kwamba aliwahi kuchangia mabati ya sakristia. Wengine hupitia kwa katekista, kwa rais wa shirika, kwa mtawa mwenye kaka profesa. Ombi ni lilelile: andikeni neno dogo tu, watamwangalia.

Tunasema wazi tangu mwanzo, ili asiwepo wa kusoma akitumaini kwamba mwishoni tutalegeza: desturi hii ni dhuluma, na inapasa kukoma. Ikome kwanza parokiani, kwa sababu huko ndiko inakovaa nguo ya heshima.

Tusichanganye mambo. Viko vyuo vinavyoomba ushuhuda wa mwenendo kutoka kwa kiongozi wa dini, hasa kwa kijana anayetafuta msaada wa kulipiwa masomo. Ushuhuda huo uandikwe, tena kwa ukweli: kama kijana ni mchapakazi, isemwe, kama paroko hamjui, aseme kwamba hamjui. Barua tunayoishitaki ni ya namna nyingine. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kuchambua sentensi, basi tuichambue. Barua hiyo husema kwamba mchukuzi wake ametoka katika familia nzuri ya Kikristo, kwamba wazazi wake ni wachangiaji waaminifu, kwamba tunaomba aangaliwe kwa jicho la pekee, na kwamba tunautumainia moyo wa kibaba wa yule anayeipokea. Tafuteni ndani yake kitenzi kimoja kinachosema kijana huyu anajua nini. Hakimo. Kemia haikutajwa, biolojia haikutajwa, wala fizikia. Kiima cha kila sentensi ni wazazi au mwandishi. Kijana mwenyewe yumo kama shamirisho tu, kitu kinachobebwa kutoka ofisi moja mpaka nyingine. Barua ya namna hiyo ingeweza kuandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye dawati, na isibadilishwe hata nukta.

Mnauliza: ina ubaya gani? Karatasi moja, sahihi moja, mhuri mmoja. Ubaya wake waonekana mtu akijua kwa nini fakulte ya uganga ina mlango mwembamba. Wengi wenu mnadhani ni kiburi cha maprofesa. Sivyo. Anatomia husomwa kwenye mwili wa marehemu, na miili hiyo ni michache. Tishu husomwa kwa hadubini, na hadubini huhesabika kwa vidole. Baadaye kijana hupelekwa hospitalini kujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa. Wakiwa wanane wataona na kugusa, wakiwa thelathini wa nyuma wataona migongo ya wenzao. Kwa hiyo chuo chenye akili huhesabu vitanda vyake, maabara yake na walimu wake, kisha kinasema: mwaka huu tutapokea watu kadiri hii. Idadi ikiisha kuwekwa, kila anayeingizwa kwa barua anamtoa mwingine. Hakuna kiti cha ziada kinacholetwa na Roho Mtakatifu kwa sababu paroko ameandika.

Na huyo anayetolewa ni nani? Hatoki katika nyumba ya kanali wala ya mfanyabiashara wa madini. Ni msichana aliyesoma chimi-biolojia katika shule ya misheni isiyo na chupa hata moja ya maabara, aliyekariri rangi za kemikali bila kuziona, akapata asilimia ambayo watoto wa mjini wenye walimu wa nyumbani hawakuipata. Baba yake hajui ofisi ya mkuu wa chuo iko upande gani wa mji. Huyo atasoma orodha ukutani mara tatu, atadhani macho yake yamekosea, kisha atapanda gari la mizigo kurudi kwao. Hatajua kamwe kwamba kilichomshinda kilikuwa na mhuri wa parokia ya Bikira Maria. Tunapozungumza juu ya kuwatetea wanyonge, tumkumbuke huyu kwa jina lake, ingawa hatulijui.

Kuna watakaotujibu kwamba kijana wetu ana moyo mzuri, anapenda wagonjwa, na kwamba moyo ndio unaomfanya mganga. Jibu hili hutolewa kwa nia njema, nasi tunaliheshimu, lakini historia ya nchi yetu inalikanusha kwa namna ya kuhuzunisha. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, watu walianza kufa kwa homa isiyojulikana. Watawa waliokuwa wakihudumu pale walikuwa na upendo ambao hakuna anayeruhusiwa kuutilia shaka: walibaki na wagonjwa mpaka nao wakafa. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Wachunguzi walipofika waligundua kwamba kila siku sindano chache tu zilitumiwa kwa wagonjwa wengi, mmoja baada ya mwingine, bila kuchemshwa inavyostahili, na kwamba sindano hizohizo zilikuwa zimeusambaza ugonjwa. Watu 318 waliugua, 280 wakafariki. Hatusemi haya kuwalaumu marehemu. Walifanya kazi bila vifaa na bila msaada, mahali ambapo serikali ilikuwa imewasahau. Tunasema kwamba upendo wote ule haukuweza kuchukua nafasi ya elimu ya kuua vijidudu kwenye sindano. Na barua ya paroko inashuhudia nini, ikiwa inashuhudia chochote? Moyo mzuri.

Katika Yambuku ileile alifika mganga Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, aliyehitimu uganga katika Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1969. Aliwapima wagonjwa, akatoa damu, akaona jambo ambalo jicho lisilofundishwa lingelipita: pale sindano ilipoingia, damu haikukoma kutoka. Ikamtiririkia mikononi, maana hakuwa na glavu. Akanawa kwa maji na sabuni. Akaona pia kwamba ugonjwa huu haufanani na zile homa alizozizoea, akamchukua mtawa mmoja mgonjwa mpaka Kinshasa ili apate kuchunguzwa. Damu iliyopelekwa Ulaya ikaonyesha virusi vipya, navyo vikapewa jina la mto Ebola. Fikirini sasa kwamba kiti cha Muyembe pale Lovanium kingalipewa mtoto wa mtu kwa ajili ya neno dogo. Mtoto huyo naye angalitumwa Yambuku. Naye angaliziona sindano, na damu, na homa. Angaliona nini?

Hoja ya pili inayotupinga ni nzito zaidi, nasi hatutaikwepa. Inasema: ninyi walimu mnazungumza juu ya asilimia kana kwamba zimeshuka kutoka mbinguni. Egzeta yenyewe imeoza. Yuko aliyepata 57 kwa jasho lake, na yuko aliyepata 75 kwa fedha ya baba yake. Fakulte ikidai 65, ni mwongo atakayeingia na mkweli atakayebaki nje. Je, si haki paroko amsaidie mkweli?

Ni kweli. Sisi walimu tunayajua hayo kuliko wengi. Tunajua kwamba ziko shule ambamo wanafunzi wa darasa la mwisho hutozwa fedha za kuwapokea wasimamizi, na anayekataa kutoa huambiwa kwamba anawahatarisha wenzake. Tunajua majibu yanayopita kwenye simu kabla ya kengele kulia. Tumeona vijana wenye asilimia za kupigiwa makofi ambao hawawezi kusawazisha mlinganyo wa kemia wa darasa la tatu. Mtihani huu ulianzishwa miaka ya 1960 ili mtoto wa Kabare na mtoto wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja. Wazo lilikuwa la haki kabisa, na waliolichafua watajibu siku moja.

Lakini angalieni jinsi hoja hii inavyojikwaa. Ikiwa kipimo kimepinda, dawa yake ni kipimo kingine kilichonyooka. Barua si kipimo. Paroko hana njia ya kujua kama 57 ya kijana fulani ni ya jasho. Anachojua ni nani aliyegonga mlango wake. Na wanaogonga mlango ni walewale siku zote: wenye kujua mlango uko wapi. Yule mkweli wa 57 kutoka kijijini, ambaye kwa jina lake hoja hii inatetewa, hana barua. Tukague barua mia moja, tutamkuta ndani yake mara ngapi? Anatajwa wakati wa kubishana tu. Wakati wa kutia sahihi ameshasahauliwa.

Kipimo kilichonyooka kipo, na vyuo kadhaa vya nchi yetu vinakitumia: ni konkuru, mtihani wa kuingilia. Watahiniwa wote hukaa saa moja, mbele ya maswali yaleyale. Kwenye karatasi huandikwa nambari badala ya jina. Wasahihishaji huwa wawili, na ukutani hubandikwa alama, si majina ya waliofaulu peke yake. Mwenye 75 ya kununua atajulikana katika saa mbili, na mwenye 57 ya jasho atapata nafasi ya kuonyesha alicho nacho. Konkuru nayo yaweza kuibwa, tunajua; kila kitu chaweza kuibwa. Ila konkuru humlazimu mwizi avunje mlango, hali barua humfungulia na kumkaribisha chai.

Wapo pia wasemao kwamba Wakristo husaidiana, na kwamba Waprotestanti na wanasiasa wanawasukuma watu wao, basi tukinyamaza watoto wetu watabaki nje. Hoja hii ya kuhesabu kabila la dini haitustahili. Mgonjwa akifikishwa usiku na uchungu wa uzazi uliokwama, haulizi mganga wa zamu alibatizwa wapi. Kusaidiana ni jambo jema, nasi tutarudi kwalo. Lakini kumpa mmoja kile ambacho ni cha mwingine kuna jina lake katika amri ya saba, na watoto wa komunyo ya kwanza wanaijua.

Yafaa vijana mkumbuke pia mlango huu wa uganga ulikuwa namna gani zamani, kwa kuwa haukufunguliwa jana. Wakoloni walitawala miaka mingi, na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi hii kubwa haikuwa na mganga Mkongo hata mmoja mwenye shahada ya chuo kikuu. Si kwamba hapakuwa na vichwa. Tangu miaka ya 1930 kulikuwa na wasaidizi wa waganga, Wakongo waliosoma miaka mingi katika shule za Léopoldville na Kisantu, waliopima, waliotibu, waliopasua, kisha wakasimama nyuma ya mganga mzungu ambaye pengine alimaliza masomo jana. Cheo hawakupewa, kwa sababu ya ngozi. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Waganga wa Kibelgiji walipokimbia mwaka 1960, Shirika la Afya Duniani liliwachagua makumi ya wasaidizi hao, likawapeleka Ufaransa kukamilisha masomo. Walikuwa watu wazima wenye wake na watoto, wakaketi tena darasani pamoja na vijana wa miaka ishirini. Walitahiniwa, wakafaulu, wakarudi na shahada, wakashika hospitali zilizokuwa zimeachwa tupu.

Babu zetu hao walizuiwa mlangoni na wageni waliouliza: baba yako ni wa rangi gani? Leo ufunguo tunao sisi, Wakongo kwa Wakongo, nasi tunauliza: baba yako ni nani? Swali limefupishwa neno moja au mawili. Maana yake ni ileile.

Tunaye mtu wetu ambaye kwa shauri hili anafaa kuliko hotuba. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mlei kama ninyi, alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Palipita shehena ya chakula kilichoharibika. Wakamletea fedha aifumbie macho, akakataa. Wakamsukuma, wakatumia majina ya wakubwa, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 akatekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Mwaka 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mjini Roma, nasi tukaimba na kucheza, tukashona vitenge vyenye sura yake. Vizuri. Lakini mtu aliyevaa kitenge cha Floribert akaenda kwa paroko kuomba barua ya kumpitishia mtoto asiyefika kiwango, ameelewa nini? Floribert alisimama mpakani akasema: hiki kitawaua watu nisiowajua. Karani wa kuandikisha katika fakulte ya uganga naye amesimama mpakani. Anayempigia simu kwa jina la Kanisa anamfanyia vile walivyomfanyia Floribert wale waliompigia simu.

Sasa tuje kwa kijana mwenyewe, yule aliyeingizwa kwa neno dogo, maana yeye pia tunamhurumia. Anafika mwaka wa kwanza. Anakuta fizikia, kemia, biolojia ya chembe, anatomia, takwimu, vyote kwa pamoja, kwa Kifaransa cha kasi, katika ukumbi uliojaa. Aliyeingia kwa akili yake anatokwa jasho. Aliyeingia kwa barua anazama. Mwisho wa mwaka hana pointi. Atafanya nini? Njia anayoijua ni ile iliyomwingiza. Baba anauza kiwanja, kisha ng'ombe, kisha pikipiki iliyokuwa ikilisha nyumba. Somo hili dola kadhaa, somo lile dola nyingine. Kama ni msichana, huenda asiombwe dola. Tulitamke bila kuona haya, kwa sababu anayepaswa kuona haya si yeye: wako asistenti na maprofesa wanaodai mwili wa mwanafunzi kwa ajili ya pointi, na windo lao la kwanza ni yule wanayejua kwamba aliingia bila haki, kwa kuwa huyo hawezi kwenda kushitaki. Mama aliyepiga magoti ofisini kwa paroko hakuomba hilo. Lakini barua yake ilimpeleka binti huko akiwa hana mahali pa kusimama.

Masomo haya ni ya miaka mingi; katika mfumo wa zamani yalikuwa saba, na mageuzi ya sasa hayajayafanya kuwa mepesi. Miaka saba ya kununua inafundisha kununua. Mwisho wake kuna shahada halali kabisa kwa macho, na Chama cha Waganga, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1968, kitaliandika jina, maana karatasi zimetimia. Hakuna tena mlango mwingine wa kumkagua baada ya hapo. Anayefuata ni mama mjamzito wa Shabunda.

Tumeahidi kurudi kwa suala la kusaidiana. Tunaomba parokia ziache kusaidia kwa mhuri, zisaidie kwa taa na chaki. Kati ya kutoka kwa Egzeta na kufunguliwa kwa vyuo kuna wiki nyingi ambazo vijana wetu huzimaliza wakizunguka na dosie mkononi. Katika kila parokia ya mjini kuna mwalimu wa kemia, mwanafunzi wa uganga wa miaka ya juu, muuguzi aliyestaafu, na ukumbi usiotumika asubuhi. Mkiviweka pamoja mmepata shule. Wasichana wa mbali wanaokuja kufanya konkuru hulala wapi? Mara nyingi hawajui. Jumuiya ikimlaza mmoja kwa siku tatu na kumpa uji kabla ya mtihani, imemsaidia bila kumdhulumu mwingine. Na wakati wa kulipa ada, mchango wa Dominika moja kwa kijana aliyekwisha kukubaliwa kwa haki una faida kuliko barua ishirini.

Na asiyekubaliwa? Hapa wazazi wengi wanakosea, na kosa lao ndilo linalolisha biashara yote hii: wanadhani asiyekuwa mganga amekufa. Nchi imegawanywa katika kanda za afya 519, na katika kanda hizo kituo cha afya cha kijijini hakiongozwi na mganga. Kinaongozwa na muuguzi. Ndiye anayeona homa ya kwanza, ndiye anayeamua nani apelekwe hospitalini kabla giza halijaingia. Wakunga, mafundi wa maabara, wataalamu wa lishe, wote husomeshwa katika vyuo vya ufundi wa tiba, na mlango wa huko haudharauliki. Kijana anayewapenda wagonjwa kweli atawakuta huko. Yule anayelia kwa sababu hataitwa "Dokta" amepata jibu kuhusu wito wake, ingawa si jibu alilolitaka. Anayeamini bado kwamba uganga ndio njia yake, arudi mwaka ujao akiwa amejitayarisha, au atafute chuo kingine chenye kipimo cha haki, hata mbali. Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu wa mwaka 1955, ambaye wanawake waliojeruhiwa wa Mashariki wanamjua kabla ya dunia kumpa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, alisomea uganga Bujumbura, kisha akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake. Barabara ya kwenda Bujumbura bado ipo.

Kuna barua moja ambayo tuko tayari kuitia sahihi, nasi tunawaalika vikundi vya vijana kuiandika pamoja nasi. Iende kwa wakuu wa vyuo vyenye fakulte za uganga katika majimbo yetu, vya Kanisa na vya serikali. Iombe konkuru yenye nambari mahali pa majina, matokeo yenye alama kubandikwa hadharani, na barua zote za kuombea nafasi, hata zenye mhuri wa parokia, kurudishwa bila kufunguliwa. Haitataja jina la mtoto yeyote.

Kwa wale wanaojiandaa na konkuru, masomo ya kemia na fizikia yatafanyika ukumbini kila asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kuanzia juma linalofuata kutangazwa kwa matokeo. Hakuna malipo. Kila mmoja aje na daftari, kalamu, na buleteni zake za miaka miwili ya mwisho, zile za kweli.